Nyuzi za tundu la mpini wa randa ya Stanley Na. 5 zimelika: nitoboe upya au niweke bushi?

Seremala_Keko ameuliza:

Habari zenu, mafundi. Ninatengeneza samani hapa Keko, Dar es Salaam, na nimenunua kwa muuza vifaa vya mitumba randa ya chuma ya Stanley Na. 5, ile ya inchi 14 yenye kisu cha inchi 2, iliyopigwa chapa ya Marekani. Kitako chake kimenyooka, kisu bado kina chuma cha kutosha kunolewa kwa miaka mingi, na kwa bei niliyopewa sikuwa na sababu ya kuiacha. Tatizo ni mpini wa nyuma. Unacheza, na kila nikikaza nati ndefu ya shaba iliyo juu yake, studi inayopita katikati ya mbao inazunguka tu bila kushika. Nilipoufungua mpini nilikuta ninaweza kuing'oa studi kwa vidole, na katika tundu mlikuwa na unga mweusi wa chuma kilichosagika. Skrubu fupi inayoshika ncha ya mbele ya mpini haina kasoro.

Nilipeleka studi hiyo kwa wauza bolti wa Kariakoo nikitafuta inayofanana nayo, lakini ya milimita 5 inapwaya na ya milimita 6 haiingii. Kwa kalipa inapima karibu milimita 5.5, na geji ya nyuzi za milimita haiikubali hata kidogo. Jirani yangu ananishauri nimpelekee fundi wa kuchomelea azibe tundu, kisha nitoboe upya. Mwingine anasema niweke gundi ya chuma nisahau. Randa hii naitaka kwa kazi ya kila siku, si ya kuweka kabatini, kwa hiyo sitasikitika nikibadilisha kitu cha asili, ila nisingependa kuharibu kitako ambacho hakipatikani tena kwa urahisi. Naomba ushauri wa wale waliokwisha kushughulika na jambo hili.

JuaKali_Kariobangi:

Salaam kutoka Nairobi. Kazi yangu ni kuchomelea, na ningekuwa wa kwanza kukutoza pesa kwa kazi hiyo, lakini nakusihi usiruhusu mtu yeyote apeleke moto kwenye kitako cha randa. Hicho ni chuma cha kusubu, kasti kama tunavyokiita, chenye kaboni nyingi kuliko chuma cha kawaida, na kikipashwa moto sehemu moja kisha kikapoa haraka kinakuwa kigumu kama kioo pale pembeni mwa weldi, halafu kinapasuka. Hata ukitumia fimbo za nikeli na kukipasha kitako kizima kabla ya kuchomelea, joto litakipinda, na kitako kilichopinda nusu milimita hakirandi tena mbao ndefu sawasawa. Juu ya hayo, pale panapopakana na weldi patakuwa pagumu kiasi kwamba tapu, yaani kifaa cha kukatia nyuzi ndani ya tundu, itavunjikia humo, na hapo utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Ufundi_Moro:

Gundi ya epoksi yenye unga wa chuma si upuuzi kama wengine wanavyodhani, mradi ujue mipaka yake. Osha tundu kwa petroli au asetoni mpaka lisiwe na chembe ya mafuta, paka studi nta ya viatu au ya mshumaa kwenye nyuzi zake ili isishikwe, jaza epoksi tundu, ingiza studi ikiwa imekaa katika mwelekeo wake, kisha acha mpaka kesho yake. Ukiizungusha itatoka, na itaacha nyuzi zilizojichora kwenye gundi. Kwa mpini ambao haufunguliwi kila mara itashika. Nyuzi hizo hazitastahimili mtu mwenye bisibisi kubwa na mkono mzito, na jua la mchana kwenye banda la bati halizisaidii, lakini ukiwa na kazi ya kukabidhi wiki hii, hiyo ndiyo njia ya haraka.

Mkereza_Gerezani:

Ndugu seremala, kabla hujatoboa chochote, hakikisha kwanza mgonjwa ni nani. Kwenye randa hizi za Stanley, studi ya kirungu cha mbele na ile ya mpini wa nyuma zina nyuzi za aina moja, zinatofautiana urefu tu. Fungua ya mbele, iingize kwenye tundu la nyuma. Ikishika vizuri, tundu lako ni zima na studi ya nyuma ndiyo iliyokwisha, jambo ambalo ni rahisi kulirekebisha. Ikipwaya vilevile, basi tundu ndilo limeliwa, na kwa huo unga mweusi uliouona nadhani ndivyo ilivyo, kwa sababu chuma cha kusubu hakinyumbuki: nyuzi zake zikizidiwa hubomoka vipandevipande, wakati zile za studi ya chuma laini hulala upande na kung'aa.

Ama sababu ya kukosa bolti inayofanana nayo, ni hii. Studi hiyo si ya milimita. Ni namba 12 ya Kimarekani, yenye kipenyo cha inchi 0.216, yaani takriban milimita 5.49, na nyuzi 20 kwa kila inchi. Hata huko Marekani ukienda dukani leo na kuomba namba 12 utapewa ya nyuzi 24, au ya nyuzi 28 ikiwa ni zile laini, na hakuna kati ya hizo itakayoingia. Nyuzi 20 zilibaki kuwa za randa tu. Kwa hiyo usipoteze nauli kuzunguka Kariakoo, na wala usimruhusu mtu alazimishe tapu ya milimita 6 kwenye tundu la mbele lililo zima kwa kisingizio cha kuzifananisha.

Njia ninazoziamini ni mbili. Ya kwanza ni kulipanua tundu liwe la robo inchi yenye nyuzi 20. Tapu ya robo inchi ni ya kawaida. Karakana nyingi za zamani hapa mjini zina ile ya Whitworth, na ile ya Kimarekani ya robo inchi nayo ina nyuzi 20 kwa inchi. Tofauti yao ni pembe, digrii 55 kwa Whitworth na 60 kwa ya Kimarekani, kwa hiyo hakikisha tapu na dai, yaani kifaa cha kukatia nyuzi za nje ya studi, vinatoka upande mmoja. Tundu jipya la robo inchi hutobolewa kwa biti ya milimita 5.1. Tundu lako lililoliwa huenda limeshapita hapo kidogo, lakini hata likiwa milimita 5.3 utapata karibu theluthi mbili ya kina kamili cha nyuzi, na kwa kazi ya kushika mpini hiyo inatosha kabisa. Ukiweka tapu ya milimita 6 katika tundu hilohilo utapata zaidi kidogo tu ya nusu, ndiyo maana siipendekezi ingawa ndiyo rahisi kupatikana.

Ugumu wa njia hiyo uko juu, wala si chini. Nati yako ndefu ya shaba ina nyuzi za namba 12, na ukiitoboa iwe ya robo inchi ukuta wake utabaki mwembamba mno, utapasuka pale bisibisi inaposhika. Kwa hiyo studi mpya lazima iwe ya ngazi: chini robo inchi, juu milimita 5.49 yenye nyuzi 20. Dai ya namba 12 huipati, lakini mkerezaji haihitaji. Anakata nyuzi hizo kwa kisu cha mashine ya kerezo, na akiwa na giaboksi ya inchi ni kazi fupi. Mashine za milimita pekee zinahitaji gia ya meno 127 ili kutoa nyuzi za inchi sawasawa, basi muulize fundi kabla hujamkabidhi chuma.

Njia ya pili ni bushi. Tundu linapanuliwa na kukatwa nyuzi za milimita 8, kisha kinaingizwa kibomba kifupi cha shaba au chuma ambacho nje kina nyuzi za milimita 8 na ndani kina nyuzi za namba 12. Studi ya zamani na nati ya zamani zinarudi bila kuguswa. Mimi huipenda zaidi hii kwa kifaa cha aina hiyo, ingawa ina kazi ndogo ya ziada nitakayoieleza ukihitaji.

Mwalimu_Karakana:

Nimefundisha ufundi chuma na ufundi mbao kwa muda mrefu, na ningependa tuulize swali ambalo bado halijaulizwa: kwa nini nyuzi hizo ziliisha? Kirungu cha mbele kinashikwa na studi ya aina ileile kwenye chuma kilekile, na bado ni kizima. Kuna jambo lililoua la nyuma peke yake, na usipoliondoa litaua na bushi.

Angalia jinsi mpini ulivyochongwa. Mishipa ya mbao yake imelazwa sambamba na kitako, na studi inapita ikiikata mishipa hiyo. Mbao haipungui urefu inapokauka, inapungua upana, na hapa upana wa ubao ndio kimo cha mpini. Mpini wa miaka mingi, tena uliotoka kwenye unyevu wa pwani ukaenda kukaa Dodoma au Singida, unafupika kwa milimita moja au mbili, wakati studi ya chuma inabaki na urefu wake. Matokeo yake ni kwamba nati inafika mwisho wa nyuzi za juu za studi kabla kichwa chake hakijaubana mpini. Mtu anauona mpini bado unacheza, anaongeza nguvu, nati sasa inaisukuma studi yenyewe izame mpaka igonge sakafu ya tundu, na nguvu yote ya bisibisi inabaki kuzibomoa nyuzi za kasti. Aliyekuuzia au aliyemuuzia yeye alifanya hivyo, na kila seremala angefanya vilevile kama hajaonyeshwa.

Jaribio lake ni hili: weka mpini mahali pake bila kukaza, ingiza studi mpaka ikome, kisha fungasha nati juu kwa vidole. Kama nati inakoma na bado unaweza kuupitisha unyasi kati ya kichwa chake na mbao, umempata mhalifu. Dawa ni washa nyembamba ya shaba chini ya kichwa cha nati, au kuongeza nyuzi za juu za studi zishuke milimita mbili tatu. Kuna wanaokata studi upande wa chini, nami siwaungi mkono katika hali yako, kwa sababu chini ndiko unakohitaji kila nyuzi unayoweza kuipata. Katika chuma cha kusubu tunataka studi izame angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake, yaani milimita 8 hivi kwa studi hiyo, na nundu la kwenye kitako halina nafasi ya kupoteza. Na kama mpini huo si wa asili, bali mtu alichonga wa mninga au mkongo akakosea kimo, maelezo ni hayohayo.

Niongeze jambo moja ambalo halikuulizwa lakini linahusu randa hiyohiyo. Nati kubwa ya shaba iliyo nyuma ya kisu, ile ya kuongeza na kupunguza kina, ina nyuzi za mkono wa kushoto. Ukiamua kuifungua ili uisafishe, zungusha kinyume cha ulivyozoea. Nimeona studi yake ikikatika mikononi mwa watu wenye nguvu waliodhani ni kutu.

Seremala_Keko:

Nawashukuru sana. Mwalimu, jaribio lako limetoa jibu: nati inakoma na nafasi inabaki, tena si ya unyasi bali ya sarafu. Studi ya mbele nayo inapwaya katika tundu la nyuma, kwa hiyo tundu ndilo limeliwa. Shina la biti ya milimita 5.2 linaingia ndani yake, la 5.5 linakataa. Nundu la chuma linaloshika studi lina upana wa milimita 13 hivi.

Mkereza, naona nitakwenda na bushi, kwa sababu nati ya shaba na studi nyingine zote ni nzima. Ila nina maswali mawili. Tapu ya namba 12 yenye nyuzi 20 nitaitoa wapi ili kukata nyuzi za ndani ya bushi? Na pia tundu lenyewe halijasimama wima, limelala kufuata mwinamo wa mpini. Nitalipanua vipi bila kulipotosha?

Mkereza_Gerezani:

Tapu tunaitengeneza, kaka. Fundi wa kerezo akishakata nyuzi za namba 12 kwenye kipande cha feleji yenye kaboni nyingi inayokubali kugumishwa kwa kuchovywa, anakichonga ncha iwe nyembamba kwa nyuzi nne tano za kwanza, kisha anakipiga tupa mifereji mitatu ya kupitishia takataka. Kinapashwa moto mpaka rangi ya cheri, pale sumaku inapoacha kukishika, na kuzamishwa kwenye mafuta. Baada ya hapo kinasuguliwa king'ae na kupashwa tena polepole mpaka rangi ya majani makavu ipite juu yake, kisha kinapozwa. Tapu ya namna hiyo haitakata kasti siku nzima, lakini kwa bushi moja ya shaba ni zaidi ya kutosha, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuchagua shaba. Biti ya tundu la ndani ni milimita 4.3. Bushi yote ikamilishwe mezani, ndani na nje, kabla haijakaribia randa. Ikiharibika utakuwa umepoteza kipande cha shaba tu.

Kwa nundu la milimita 13, bushi ya milimita 8 inakuachia chuma cha milimita mbili na nusu kila upande, na hapo pako salama. Ungekuwa na nundu pana zaidi ningesema milimita 10 yenye nyuzi laini, kwa sababu kwenye ya 8 ukuta wa bushi yenyewe unabaki kama nusu milimita tu katika mabonde ya nyuzi. Usitishwe na hilo. Bushi ikishagundishwa, kasti inayoizunguka ndiyo inayoibeba.

Kuhusu mwinamo, usitumie keekee ya mkono hata kama unajiamini. Tumia ile ya kusimama. Chukua biti ya milimita 5.2 uliyoitaja, ifunge kwenye mashine kichwa chini miguu juu, yaani shina lake laini ndilo lielekee chini. Laza randa juu ya kabari ya mbao, ukiisogeza na kuipandisha mpaka shina hilo lishuke ndani ya tundu na kupanda bila kugusa upande wowote, mashine ikiwa imezimwa. Likiingia huru namna hiyo, tundu na mashine viko katika mstari mmoja. Funga randa na kabari yake kwa klampu, hapo usiiguse tena. Badilisha biti bila kusogeza meza: anza na ya 6, malizia na ya 6.8, ambayo ndiyo ya tapu ya milimita 8.

Kina ndicho kitu cha kuogopa. Tundu hilo halijatoboka mpaka chini, na chini yake kuna uso wa kitako unaogusa mbao. Pima kina cha tundu kwa msumari mwembamba kabla hujaanza, weka alama ya utepe kwenye biti, na usizidi hata milimita moja. Kwa kuwa tundu lina sakafu, unahitaji tapu zote tatu za seti: ya kwanza yenye ncha ndefu ya kuanzia, ya pili, na ile ya mwisho isiyo na ncha inayokata mpaka chini. Anza ya kwanza ikiwa imeshikwa na mashine hiyohiyo, ukiizungusha kwa mkono bila umeme, ili nayo ifuate mstari. Usiweke oili. Kasti hutoa unga, na unga ukichanganyika na oili unakuwa tope la kusaga. Kata pakavu au kwa matone ya mafuta ya taa, rudisha tapu nyuma kila nusu mzunguko, na pulizia upepo mara kwa mara huku umevaa miwani.

Bushi iwe na mfereji wa bisibisi juu. Isafishe pamoja na tundu kwa asetoni, paka gundi nyekundu ya kufungia nyuzi, izamishe mpaka ilingane na uso wa nundu au chini yake kidogo, na iache usiku kucha. Hakikisha gundi haijapanda ndani ya nyuzi za studi.

Mwalimu_Karakana:

Kwa nafasi ya sarafu uliyoiona, washa moja nyembamba huenda isitoshe; pima kwanza, kisha umwombe mkerezaji huyohuyo akukatie ya shaba yenye unene unaostahili, ienee ndani ya tundu pana la kichwa cha nati isitokeze kwenye kiganja. Na mpini ukishakaa, kaza kwa bisibisi ya mkono inayojaza mfereji wa nati, ukome mara tu mbao inapoacha kucheza. Kiangazi kikifika, uangalie tena nafasi hiyo kabla hujaongeza nguvu.